Mama kaitwa kwenye utafiti wa sindano ya mafuta ya mtu mwingine gotini, aende?

BintiWaKwanza
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo hasa wenye uelewa na mambo ya mifupa. Mama yangu ana miaka 63, magoti yote mawili yanamsumbua ila la kulia ndo limezidi, eksirei inaonesha gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye jointi) limesagika, daktari akaandika gredi ya 3 kati ya 4. Vidonge ameshakunywa mpaka tumbo likaanza kulalamika, fizio (mazoezi ya tiba) alienda wiki kadhaa akaacha, sindano ya steroidi ya kutuliza uvimbe kachomwa mara mbili, ya kwanza ilimpa kama miezi miwili ya raha, ya pili hata mwezi haikufika.

Sa juzi kapigiwa simu na watu wa utafiti, wanatafuta wenye maumivu ya goti wachomwe sindano ya mafuta, na sio mafuta yake mwenyewe, ni ya mtu mwingine aliyejitolea, yamesafishwa na kuhifadhiwa. Kuna kundi litapata mafuta na kundi litapata maji ya chumvi tu na hakuna atakaejua kapata nini mpaka mwaka uishe. Kaja nyumbani na fomu ya ridhaa nene kama kitabu cha shule, bado hajasaini.

Swali la kwanza la mama lilikuwa "hayo mafuta ni ya mtu aliye hai au ya marehemu?" na mi sikuwa na jibu. Mi langu ni je mwili hautayakataa, alafu kweli yanaotesha gegedu upya ama ndo tunapigwa? Mwenyewe anacheka anasema kama dawa ni mafuta si wachukue ya kwake hapa kiunoni yamejaa.

nesi_wa_tafiti
Dada pole na mama. Mi nafanya kazi kwenye tafiti za majaribio ya dawa, sio huo wenu ila nimepita kwenye za magoti.

Mama kauliza swali zuri kuliko wengi ninaowasomea fomu. Jibu ni kwamba inaweza kuwa vyote viwili. Kuna mafuta yanayotoka kwa watu hai waliofanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta wakakubali yatumike, na kuna yanayotoka kwa marehemu ambaye yeye au familia yake waliridhia kutoa tishu, kama wanavyotoa konea ya jicho au mfupa. Bidhaa za mafuta ya kuchangiwa ambazo zipo sokoni tayari kwa ajili ya kujaza sehemu zilizobonyea mwilini, nyingi zinatoka kwa marehemu. Kwa vyovyote mtoaji anapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende na vinginevyo, na historia yake inachunguzwa. Kwenye fomu tafuta ukurasa unaosema chanzo cha tishu, usipouona muulize mtafiti akujibu bila kung'ata maneno, ni haki ya mama.

Kuhusu kukataliwa na mwili, goti sio kama figo. Mafuta yanaoshwa damu na oili yote, bidhaa nyingine wanaondoa hata seli zenyewe inabaki ile nyavu ya protini, na ndo mana mgonjwa hapewi dawa za kushusha kinga. Hio haimaanishi hamna kitu kitatokea, goti kuvimba na kuuma siku kadhaa baada ya sindano ni jambo la kawaida. Kinachotisha ni maambukizi ndani ya jointi. Ni nadra ila akiona goti limewaka moto, homa, hawezi kabisa kukanyaga, hapo asisubiri kesho, apige ile namba ya dharura iliyo kwenye fomu.

Na kuhusu kiuno cha mama 😂 hilo lipo kweli, kuna madaktari wanachukua mafuta ya mgonjwa mwenyewe wanayasagasaga wanamrudishia gotini. Shida anabidi anyonywe kwanza, na mafuta ya kila mtu ni tofauti, wa miaka 40 mzima na wa miaka 70 mwenye kisukari hawatoi kitu kimoja. Ya kuchangiwa yapo tayari kwenye friza, kila mgonjwa anapata kitu kile kile. Alafu kuna jingine watu hawaliwazi, ukitumia mafuta ya mgonjwa mwenyewe sa yule wa kundi la maji ya chumvi utamficha vipi? Inabidi naye umtoboe kiunoni kwa kuigiza. Ya kuchangiwa hayana huo usumbufu, ila nayo ni mazito na yanaonekana kwenye bomba, kwahiyo bomba la sindano linafunikwa na utepe, mgonjwa anawekewa pazia, na daktari anayechoma sio yule anayekuja kumuuliza maumivu ni ngapi kwenye kumi.

Mgumu_Kuamini
Naomba nimwage maji baridi kidogo. Gegedu halioti. Tokea 2001 wale watafiti wa chuo kikuu cha UCLA huko Marekani walipoonesha kwenye mafuta ya kunyonywa kuna seli zinazoweza kugeuka gegedu, mfupa na kadhalika kwenye maabara, watu wamefanya biashara kubwa sana na hio habari moja. Kwenye maabara sawa. Kwenye goti la binadamu anayetembea nalo kila siku ni mambo mengine.

Marekani walifanya utafiti mkubwa, ulitoka 2023 kwenye jarida la Nature Medicine, watu 475, wakalinganisha seli za uboho wa mgonjwa, seli za mafuta ya mgonjwa, seli za kamba ya kitovu cha mtoto mchanga za kuchangiwa, na kundi la nne likapewa steroidi ya kawaida kabisa hii hii aliyochomwa mama. Baada ya mwaka mmoja hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyoishinda steroidi. Makundi yote yalipata nafuu! Na picha za MRI hazikuonesha gegedu limebadilika. Yani huo mlima wote wa seli na vifaa ukaishia sawa na sindano ya dakika tano.

Na steroidi yenyewe msiishangilie, 2017 kwenye jarida la tiba la JAMA kuna utafiti wa watu 140, nusu walichomwa steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili na nusu maji ya chumvi, waliochomwa steroidi gegedu lilipungua zaidi na maumivu hayakutofautiana. Kwahiyo mama mbili zinamtosha asiendelee kuzikimbilia.

GotiLaChuma
@Mgumu_Kuamini unaongea kama goti sio lako 😅 mwenzako usiku nilikuwa nageuka kitandani kwa awamu.

Mi nilishiriki utafiti wa sindano ya goti miaka ya nyuma, haukuwa wa mafuta ila mpangilio ni huo huo nusu dawa nusu maji ya chumvi. Nilichomwa, wiki ya tatu nikaanza kushuka ngazi bila kushika ukuta, nikawa natangaza kila mahali kwamba dawa imenikubali, mke wangu akachoka kunisikia. Miezi kama mitano hivi raha tupu. Utafiti ulipoisha wakafungua bahasha nikaambiwa mzee wewe ulipata maji ya chumvi. Nilinuna siku mbili nzima jamani!! nikaona kama nimedanganywa na goti langu mwenyewe.

Sa ndo naelewa kwanini wanaweka hilo kundi. Maumivu ya goti yana tabia ya kupanda na kushuka, na mtu anajiunga utafiti pale yamepanda, kwahiyo hata asipofanyiwa kitu kuna kushuka kwenyewe. Ongezea ule uangalizi, unapigiwa simu, unaulizwa umelalaje, nani nyumbani anakuuliza hivo.

nesi_wa_tafiti
@GotiLaChuma hujadanganywa peke yako mzee. Denmark walichukua watu 206, kundi moja mazoezi na mafunzo, kundi jingine sindano nne za maji ya chumvi na WALIAMBIWA kabisa haya ni maji ya chumvi hayana dawa. Nafuu ya maumivu ikaja sawa na ya mazoezi. Na huko nyuma 2002 hata upasuaji wa kusafisha goti kwa kamera ulilinganishwa na upasuaji wa kuigiza, yani wanakupasua ngozi alafu hawafanyi kitu ndani, matokeo yakawa yale yale.

Ndo mana mtu akikwambia "wagonjwa wangu nane kati ya kumi wamepona" bila kundi la kulinganisha, hajakwambia chochote.

@Mgumu_Kuamini takwimu zako ni sahihi ila watafiti makini siku hizi hawasemi gegedu litaota. Wanachotafuta ni kama mafuta yanatuliza uvimbe kwenye ule utando wa ndani wa goti ili maumivu yapungue, hata kama eksirei itabaki vilevile. Hilo ni swali halali na bila watu kama mama kukubali halitajibiwa. Mama asiende akidhani anaenda kutibiwa tu, anaenda kusaidia kupata jibu, na anaweza kuambulia nafuu.

BintiWaKwanza
Asanteni sana jamani nimesoma zote nimemsomea na mama, ya GotiLaChuma amecheka mpaka machozi. Sa nitajuaje huu ni utafiti wa kweli? Wapo kwenye ile orodha ya tafiti ya mtandaoni nimewaona.

Mgumu_Kuamini
Orodha peke yake haitoshi dada. Kuna akina mama watatu Florida walichomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, wakaharibikiwa macho vibaya sana, ikaripotiwa 2017, na kuna walioamini wapo kwenye utafiti kwasababu kitu kilikuwa kimeorodheshwa huko. Na walilipishwa. Kipimo changu cha haraka ni hicho, ukiona mgonjwa anatoa pesa ili awe sehemu ya majaribio, geuza.

nesi_wa_tafiti
Kweli. Pia angalia jina la kamati ya maadili na namba ya kibali kwenye fomu, piga simu kwao sio kwa mtafiti. Uliza nani anagharamia akidhurika, na kama kapata maji ya chumvi je utafiti ukiisha atapewa mafuta akitaka, wengine wanatoa wengine hawatoi. Uliza dawa zipi anatakiwa aache, mana nyingi hawataki vidonge vya maumivu siku chache kabla ya kila kipimo na hapo mama atateseka kidogo ajiandae. Na ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu.

Fizio asiache hata akiingia. Uzito pia, kila kilo moja inayopungua goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua, sa hio ya kiunoni anayoichekea ina kazi.

BintiWaKwanza
Mrejesho wakuu. Hakuna hela tunayotoa, kibali kipo nimepiga simu kwenye kamati wamethibitisha. Akipata maji ya chumvi hatapewa mafuta baadae, hilo limemkata kidogo. Na mafuta ni ya marehemu. Mama alikaa kimya muda mrefu nikajua kashakataa, alafu akasema huyo mtu Mungu ampumzishe, kaniachia kitu na hata hanijui. Kasaini.

Sa hivi kinachomuudhi ni kwamba wanachoma goti moja tu, anataka yote mawili. Nimemwambia akawaulize mwenyewe Jumanne.

GotiLaChuma
Mwambie akisikia nafuu asitangaze mpaka wafungue bahasha 😂