Tovuti za keshibeki: kubwa au ndogo, ipi inalipa kweli?

Mnunuzi wa Columbus
Wakuu, habari za humu. Tulioko Marekani tunanunua sana mtandaoni, hasa tukianza kukusanya mizigo ya kupeleka nyumbani. Mimi niko Rakuten, tovuti ya keshibeki, yaani inayokurudishia sehemu ya pesa uliyolipa dukani, tangu enzi ikiitwa Ebates, na wamenilipa vizuri siku zote. Ila nikitazama tovuti ndogo naona zinatoa zaidi kwa duka lilelile: huku asilimia 4, kule 6 au 7. Pesa hiyo wanaitoa wapi? Nataka laptop ya kama dola 800, kwa hiyo tofauti si ya kupuuza.

Fundi Hesabu
Mkuu, ukiingia dukani kupitia kiungo chao, duka linawalipa kamisheni kwa kuleta mteja, nao wanakumegea. Tuseme kamisheni ni asilimia 8. Kwa laptop yako hiyo ni dola 64. Tovuti kubwa ikikupa asilimia 4, unachukua 32 na yenyewe inabaki na 32, ambazo ndizo zinalipia matangazo ya televisheni na bonasi za wanachama wapya. Mdogo hana gharama hizo. Anaweza kukupa asilimia 6.5, yaani dola 52, akabaki na 12 na maisha yakaendelea.

Kubwa nayo ina nguvu yake. Rakuten ya Japani iliinunua Ebates mwaka 2014 kwa dola bilioni 1 hivi, na duka likitaka kusukuma mauzo linamfuata mwenye wateja wengi. Siku hizo utakuta 10 kwa mkubwa, mdogo yuko palepale kwenye 5. Ingia Cashback Monitor siku ileile ya kununua, viwango vya tovuti nyingi viko ukurasa mmoja.

Dada wa Reading
Huku Uingereza tovuti za keshibeki za TopCashback na Quidco zote zilianza 2005. TopCashback ilijijenga kwa kutangaza kwamba kamisheni inampa mwanachama yote, yenyewe inaishi kwa matangazo na ada ya wanachama wa Plus. Ilipovuka kuja kwenu ilikuta Ebates imeshaota mizizi, ikaingia kwa viwango vya juu na kukuruhusu utoe pesa bila kima cha chini. Mdogo akijua kinachowaudhi wateja wa mkubwa, anapata pa kuanzia.

Mzee wa Risiti
Nawasoma wote mnahesabu asilimia tu. Mimi naangalia pesa inalala wapi na kwa muda gani. Rakuten hulipa kila miezi mitatu: ulichonunua Januari hadi Machi unalipwa katikati ya Mei. Kwenye tovuti ndogo, Mr. Rebates unaanza kutoa ukifika dola 10, BeFrugal ukifika 25. Kwa mtu anayenunua soksi na dawa za meno, 25 ni safari ndefu.

Kuna tovuti moja ndogo, silitaji jina, ilikuwa na kiwango kizuri kuliko zote. Salio langu likakaa "linasubiri", barua pepe zikaacha kujibiwa, mwisho ukurasa wenyewe ukafungwa. Huwezi kulidai duka, maana lenyewe halina mkataba na wewe wa keshibeki. Tangu hapo siachi salio kwa mdogo, likifika tu kima natoa.

Lakini niwe mkweli, huduma bora niliyowahi kupata ilikuwa kwa mdogo mwingine. Oda ya viatu haikuonekana kwenye akaunti. Nikatuma namba ya oda, tarehe na picha ya risiti. Akanijibu mtu, siyo mashine, akaniwekea pesa yangu wakati duka bado linavutana nao. Hapo ndipo mdogo anamshinda mkubwa, wala siyo kwenye ile asilimia moja ya ziada.

Mnunuzi wa Columbus
Shikamoo mzee, nimekusoma. Na hizi programu za kutafuta kuponi kwenye kivinjari, nizitumie pamoja?

Fundi Hesabu
Zima kabisa. Mara nyingi duka humlipa aliyebonyezwa mwisho. Umepita kwa tovuti ndogo vizuri, unafika pa kulipia, kidirisha cha kuponi kinajitokeza, unabonyeza: kuki yake (alama kwenye kivinjari inayoonyesha nani kaleta mteja) inaweza kuifuta ile ya kwanza na kamisheni ikaenda kwake. Hapo watu wanaanza kuitukana tovuti ndogo bure. Na kumbuka keshibeki kwa kawaida inahesabiwa kwenye bei kabla ya kodi na usafirishaji.

Kijana wa Mbagala
Na sisi wa Dar je?

Dada wa Reading
Mdogo wangu, huko mnanunua sana Instagram na WhatsApp, mnapatana bei, unalipa kwa simu au mzigo ukifika. Hakuna kiungo kinachoonyesha nani kaleta mteja, kwa hiyo hakuna kamisheni ya kugawana. Punguzo lako lipate kwenye kupatana.

Mnunuzi wa Columbus
Nimeamua. Laptop napitia ile ndogo ya kima cha dola 10, Mr. Rebates, vitu vidogo vya nyumbani vinabaki Rakuten. Mzee, nikitaka picha ya kiwango iwe ushahidi, niipige kabla ya kubonyeza kiungo au baada?

Mzee wa Risiti
Marahaba. Kabla, na tarehe ionekane. Ukishabonyeza, maliza kununua kwenye dirisha hilohilo, usifungue tovuti nyingine katikati.