Kosa gani la Kizungu lilikukula alama kwa mtihani? Tupeane uzoefu

Wadau habari za jioni. Niko hapa Nyalenda, Kisumu, na kijana wangu ako kidato cha tatu, hawa ndio watafanya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) ya 2027, ile ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4. Leo ameleta kompo (insha) ya Kizungu imejaa wino mwekundu na chenye kimeniuma si alama, ni vile makosa yenyewe nayajua, ni yale yale nilikua nafanya mimi. Kwa page moja ameandika "Although it was raining but we went to Kibuye", halafu chini kidogo "he borrowed me a pen". Nikamuuliza hii "borrowed me" umetoa wapi, akaniangalia akasema mathe si ni aliniazima.

Hapo ndio niliona kitu. Mtoto hajakosa kufikiria, amefikiria vizuri sana, lakini kwa Kiswahili. Kwetu kuazima ni neno moja, anayetoa anaazima na anayechukua anaazima, Kizungu kimewatenganisha hao watu wawili, mwenye kutoa ana "lend" na mwenye kuchukua ana "borrow". Na ile ya "although", sisi tunasema ingawa mvua ilinyesha lakini tulienda, zinatembea pamoja na hakuna mtu anashangaa, Kizungu kinataka moja tu, ukiweka "although" mbele "but" itoke.

Mwalimu akichora tu mstari chini ya kosa, mtoto anasahihisha hiyo sentensi halafu wiki ijayo anairudia. Akijua limetoka wapi ataliona likija. So naomba kila mtu alete kosa moja lilimsumbua, lilitoka wapi na alilitoa aje. Wekeni na sentensi yenyewe tafadhali.

Wa Shinyalu:
Mama asante kwa kuanzisha hii. Yangu ilikua "he" na "she". Niliandika kompo kuhusu mama yangu vile alinilipia karo kwa kuuza ndizi, paragrafu ya kwanza yuko sawa ni "she", nikishika moto kwa hadithi mama anakua "he", akifika soko anarudi "she". Kiluhya hakina hiyo tofauti, Kiswahili ni a- tu, alikuja, alisema, ni nani hujali. Mwalimu mmoja mama mzee ndiye alinitoa hapo. Aliniambia ukimaliza kuandika usisome kompo yote, weka kidole kwa mstari wa kwanza utafute "he", "she", "his" na "her" peke yake, kila moja ukiifikia uliza huyu ni nani. Dakika tatu hivi. Mara ya kwanza nilipata tisa! Niliendelea hivyo mpaka kwa chumba cha mtihani, na sikuwahi tena kuandika mama akiwa mwanaume.

Wa Chwele:
Mimi ni lile swali lenye "not" ndani. Kwa pepa ya kwanza, sehemu ya oral skills, unaweza kupewa mazungumzo ujaze chenye mtu mwingine amesema. Kwa mok yetu, ule mtihani wa majaribio, mmoja aliuliza "Haven't you eaten?" na kutoka kwa hadithi unajua huyo mtu ana njaa. Nikaandika "Yes, I haven't." Nilikua na uhakika kabisa juu nyumbani kukhu (nyanya) akiuliza hujala, unajibu ndiyo kukhu sijala, yaani ni kweli vile umesema. Sasa Kizungu hakijibu aliyeuliza, kinajibu tumbo lako. Hujala ni "No, I haven't", umekula ni "Yes, I have", hata swali liulizwe aje. Tangu nielewe hivyo sijawahi kosa tena.

Mwalimu, Ugunja:
Nimefundisha hili somo miaka mingi na nyinyi mmegusa penyewe. Niongeze za pepa ya pili, pale kwa grammar, alama 15. Watoto wanaogopa kompo lakini hizo 15 ndizo zinaenda ovyo, na ni alama ambazo mtu anaweza kuzishika zote akifanya mazoezi.

Ya kwanza ni "No sooner". Utapewa "As soon as the rain stopped, we left" uambiwe uanze na "No sooner". Wengi wanaandika "No sooner had the rain stopped when we left". Mimi huwaambia darasani, angalia mwisho wa "sooner", ina -er kama "bigger" na "taller". Kitu chenye -er kinalinganisha, na kulinganisha kunataka "than". "No sooner had the rain stopped than we left." Hiyo "when" ni ya "Hardly", "Hardly had the rain stopped when we left". Na msisahau "had" inaruka mbele ya mtenda, hapa ni "the rain", kwa zote mbili.

Ya pili, "I look forward to hear from you" kwa barua. Mtoto ameshafundishwa baada ya "to" kitenzi kinakaa uchi, so anaandika "hear". Lakini kuna "to" mbili. Mjaribu na nomino, unaweza kusema "I look forward to your letter"? Ndiyo, inakubali, basi hiyo "to" ni kihusishi na kitenzi kikija kinavaa -ing, "to hearing". Jaribu na "I want to your letter", imekataa, so hapo ni "to hear". Hii dawa inatibu pia "used to": "I am used to waking early" ni mazoea ya sasa, "I used to wake early" ni zamani na imeisha.

Na jameni "cope up with" iacheni. Ni "cope with".

Wa Busia:
Ya kwangu ni fupi. "Luggages", "equipments", "informations". Kiswahili mizigo ni mingi, vifaa ni vingi, so unaongeza s. Nilikua naandika s hata kwa fomu za kazi hapa mpakani mpaka bosi mmoja akanionyesha. Ukitaka kuhesabu sema "two pieces of luggage".

Wa Bahati, Nakuru:
Sisi huku kosa lilianzia mdomoni likaingia kwa karatasi. Gikuyu haina L, so tulikua tunasema "pray" kwa mpira na kwa kanisa, na kweli niliandika "we prayed football until evening". Halafu "live" na "leave", hiyo naona ni ya kila kabila, Kiswahili kina i moja tu. Niliandika "I leave in Bahati with my parents" na mwalimu akauliza kwani unaenda wapi. Kilichonisaidia ni kusoma kwa sauti na rafiki yangu Mluo, yeye ananishika kwa L na mimi namshika kwa "sh", kila jioni kabla ya prepu.

Wa Nyalenda:
Asanteni sana. Nimemsomea kijana zote, ile ya kidole ameifanya saa hii kwa kompo yake, amepata "he" mbili za dada yake. Mwalimu, ameuliza swali nimeshindwa. Kwa nini ni "arrived at school" lakini "reached at school" ni kosa, na zote ni kufika? Na "discuss about" je?

Mwalimu, Ugunja:
Swali zuri, mwambie hivyo. "We arrived" inasimama yenyewe, mtu anaelewa, so ukitaka kutaja mahali unatafuta "at". "We reached" ukiacha hapo mtu atauliza mlifikia nini, iko kama kugusa, inashika kitu moja kwa moja, "we reached school". Na "discuss" asiitafsiri kama zungumza, hiyo ndiyo inavuta "about". Aitafsiri jadili. Tulijadili bei, "we discussed the price". Aandike sentensi tano za kila moja alete hapa kesho nitaziangalia.