Sampuli ya mafundi 300 kwa Yamane na alfa ya Cronbach isiyopanda: nirekebishe wapi?

mtafiti_chipukizi

Wakuu, naomba msaada kabla sijarudi kwa msimamizi. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu jinsi mafundi wanavyoupokea mfumo wa kidijitali wa kuripoti hitilafu za mitambo. Mafundi wote ni 1,200 katika vituo 60, wastani wa 20 kila kituo. Kwa Yamane (fomula ya kukadiria ukubwa wa sampuli), nikiruhusu kosa la asilimia 5, nimepata 300. Nimepanga kuchagua vituo 15 kwa bahati nasibu na kuwapa hojaji mafundi wote wa vituo hivyo, kwa kuwa hojaji ni ya karatasi na vituo viko mbalimbali.

Vigeu huru ni vitatu: manufaa ya mfumo, urahisi wa kuutumia, na msaada wa mkuu wa kituo. Kigeu tegemezi ni nia ya kuendelea kuutumia. Majibu ni ya Likert (ngazi za kukubali au kukataa), 1 hadi 5, na uchambuzi ni rigresheni, yaani kupima jinsi vigeu huru vinavyotabiri kigeu tegemezi. Majaribio kwa watu 30 yametoa alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi vipengele vinavyoafikiana) ya 0.83 kwa hojaji nzima, lakini urahisi peke yake ni 0.41. Naweza kuripoti ile 0.83 tu? Vipengele vya urahisi ni hivi:

U1: Kujifunza kuutumia mfumo huu ni rahisi.
U2: Kuutumia mfumo huu kunanichosha.
U3: Mfumo huu ni mwepesi na unaniokolea muda.

Kokotoo

300 iko sawa: 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025). Ukitumia Cochran (fomula nyingine ya sampuli) na kurekebisha kwa idadi ya mafundi unapata 292. Tofauti inatokana na Yamane kuifanya 1.96 (thamani ya uhakika wa asilimia 95) kuwa 2. Ongeza hojaji za akiba kwa wasiorudisha, uende kazini.

Jedwali_la_Pili

Kokotoo, hesabu yako haina kosa, ila fomula hiyo si ya kazi hii. Kwanza, Yamane hukadiria asilimia, mfano asilimia ya mafundi wanaoutumia mfumo. Yeye anataka rigresheni. Kwa vigeu huru vitatu, athari ya ukubwa wa kati (f² = 0.15), kiwango cha umuhimu cha 0.05 (nacho huitwa alfa, ila si ile ya Cronbach) na nguvu ya kitakwimu (uwezekano wa kuiona athari iliyopo) ya 0.80, hata watu 80 wanatosha. Kwa hiyo 300 si haba. Tatizo ni namna ya kuwapata.

Fomula zote mbili zinachukulia kwamba kila fundi amechaguliwa kivyake. Mafundi wa kituo kimoja wana mkuu mmoja, mtandao mmoja, mafunzo yaleyale na malalamiko yaleyale, hivyo majibu yao yanafanana. Kufanana huko kunapunguza taarifa mpya anayoleta kila mtu. Kigawanyo cha upungufu huo ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya watu kwa kituo na ρ ni kiwango cha kufanana ndani ya kituo. Chukua ρ ya 0.05 tu: kwa m = 20 unapata 1.95. Watu wako 300 wana uzito wa watu 154. Ukichukua vituo 30, watu 10 kila kimoja, kigawanyo kinashuka hadi 1.45 na uzito unapanda hadi karibu 207, kwa idadi ileile ya karatasi.

Halafu kuna kigeu cha tatu, na hapa ndipo mpango wa vituo 15 unapovunjika kabisa. Msaada wa mkuu wa kituo ni sifa ya kituo. Mafundi 20 wakimpima mkuu mmoja, bado ni mkuu mmoja. Vituo 15 vinakupa wakuu 15, na rigresheni ya kawaida itawahesabu kana kwamba ni 300. Makosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) yatatoka madogo kupita kiasi na p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) itaonekana nzuri bila haki. Hata ukitumia makosa sanifu yanayozingatia makundi, makundi 15 ni machache; marekebisho hayo huanza kuaminika makundi yakifika 40 hivi.

Nenda vituo vyote 60. Hutakiwi kufika mwenyewe: tuma bahasha. Ukitarajia asilimia 75 warudishe, unahitaji hojaji 400, yaani 7 kwa kituo, jumla 420. Kama vituo havilingani, chukua asilimia 35 ya kila kituo badala ya 7 sawasawa (cha watu 40 kitoe 14), la sivyo utalazimika kuweka uzito wakati wa uchambuzi.

Kuchagua: weka orodha ya mafundi kwenye Excel, ongeza safu ya RAND, nakili uibandike kama thamani (usipobandika, namba hubadilika kila ukigusa kitu), panga kwa kituo kisha kwa namba hiyo, chukua wa juu. Asiyepatikana akumbushwe mara mbili. Usimbadilishe na aliyepo karibu, maana anayepatikana kirahisi mara nyingi ndiye anayeshinda ofisini, na mwenye kazi nyingi za nje ndiye unayemhitaji kwenye swali hili.

hojaji_safi

Mimi nizungumzie alfa. Hiyo 0.83 ya hojaji nzima iache. Umechanganya dhana nne, na alfa hupanda kadiri vipengele vinavyoongezeka hata kama havipimi kitu kimoja. Ripoti alfa nne, moja kwa kila dhana.

U2 ina maana hasi. Aliyejibu 5 anasema mfumo ni mgumu. Igeuze kwa 6 − jibu kabla ya kukokotoa. Kwenye SPSS (programu ya takwimu) angalia uhusiano wa kila kipengele na jumla ya vilivyobaki. Ukiona alama hasi, aidha hukugeuza, au watu hawakusoma. Kama umeandika 99 kwa waliokosa kujibu, hakikisha pia hazijaingia kama alama. Moja tu inavuruga kila kitu.

U3 inauliza mambo mawili. Wepesi ni urahisi, kuokoa muda ni manufaa. Fundi anayekubali moja na kukataa la pili ajibu nini? Kata nusu ya pili.

La mwisho, bahasha isipite mikononi mwa mkuu wa kituo. Unamuuliza fundi habari za mkuu huyo! Kila bahasha iwe na gundi na irudi kwako moja kwa moja.

mtafiti_chipukizi

Asanteni sana. Nimegeuza U2, alfa imefika 0.63. Niiondoe U3 kabisa?

hojaji_safi

Usiondoe, utabaki na viwili. Kwa vipengele vitatu, 0.63 ina maana wastani wa uhusiano kati yao ni kama 0.36. Ukiongeza viwili vyenye ubora huohuo, vitano vitatoa karibu 0.74, vikiwa sita, 0.77. Davis, mtafiti wa jinsi watu wanavyoipokea teknolojia, mwaka 1989 alitumia vipengele sita kwa urahisi na sita kwa manufaa, kwa hiyo hutakosa pa kuanzia. Vijaribu kwa watu wengine, na wote walioshiriki majaribio waondoe kwenye orodha kabla ya kuchagua sampuli kuu.

Jedwali_la_Pili

Nyongeza: nia ya kutumia na manufaa vyote anavisema mtu yuleyale, siku ileile, kwenye karatasi ileile. Uhusiano kati ya viwili hivyo utavimba. Mfumo wenyewe unahifadhi idadi ya ripoti za kila fundi. Omba za miezi mitatu baada ya hojaji, uziunganishe kwa namba ya siri badala ya jina. Fundi lazima aridhie hilo kwa maandishi, kwa hiyo liweke kwenye ombi la kibali cha maadili sasa. Kulidai baada ya hojaji kurudi ni kuanza upya.

Kokotoo

Nimekubali, hasa hilo la wakuu 15. Kwenye rigresheni weka kituo kama kundi hata ukiwa na vituo vyote 60: kwa watu 5 wanaorudisha kila kituo bado una kigawanyo cha 1.2.