MREJESHO: Zanzibar na watoto, tulichagua Kendwa badala ya Paje

Wakuu, niliomba ushauri tufikie wapi Zanzibar nikiwa na mke wangu, watoto na mama mkwe. Tumerudi salama, asanteni sana.

Tulimsikiliza aliyesema watoto wanaotaka kuogelea muda wote wapelekwe kaskazini. Kendwa maji yakipwa bado unaoga hatua chache tu kutoka ufukweni. Watoto walitoka majini vidole vimekunjamana. Paje, pwani ya kusini mashariki, tulikwenda matembezi, tukakuta bahari imekwenda mbali kabisa na kina mama wako kwenye mashamba ya mwani. Pazuri mno, mama mkwe ndiye aliyepapenda zaidi, ila kuoga ni kusubiri maji yajae.

Ushauri wa kulala kwanza Mji Mkongwe ulitufaa nusu. Forodhani usiku, urojo na pweza, raha tupu. Lakini chumba kilikuwa juu, ngazi za mbao zimesimama wima, na magoti ya mama yaliteseka. Mwenye mzee aulize ghorofa kabla ya kulipa.

Daladala 116 kutoka mjini inafika Nungwi, jirani na Kendwa. Kwa mizigo yetu tulikodi gari, na sijutii.