Raga ya saba: wenye makombe matatu wanapitwaje na mwenye kombe moja?

FundiGololi (Ngamiani, Tanga)

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi baiskeli, mpira wangu ni Coastal Union, na raga nimeijua ukubwani kwa sababu ya shemeji. Dada yangu mdogo ameolewa Likoni, na mumewe simu yake imejaa mechi za zamani za raga ya wachezaji saba kama wengine walivyojaza kaswida. Alikuja kwenye arobaini ya shangazi, mvua ikamzuia siku nne. Umeme hakuna. Tukabaki barazani na simu yake.

Akaniwekea fainali ya Singapore, Aprili 2016, Kenya na Fiji. Kenya 30, Fiji 7. Nimeiangalia mara tatu na kila mara yeye anatangaza kabla ya mtangazaji, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umenishika goti. Hilo sina ubishi nalo, Wakenya waliwafunga haswa.

Ubishi ulianza aliponionyesha msimamo wa msimu mzima. Nikachana boksi la tyubu nikaandika washindi wa mashindano yote kumi ya msururu wa dunia wa raga ya saba, msimu wa 2015/16. Dubai Fiji, Cape Town Afrika Kusini, Wellington New Zealand, Sydney New Zealand tena, Las Vegas Fiji, Vancouver New Zealand, Hong Kong Fiji, Singapore Kenya, Paris Samoa, London Scotland. Hesabuni wenyewe: Fiji matatu, New Zealand matatu, Afrika Kusini moja tu.

Sasa mwisho wa msimu, Fiji bingwa kwa alama 181, wa pili Afrika Kusini 171, New Zealand wa tatu 158! Na Kenya niliyoiona ikimchapa bingwa ni ya saba, alama 98.

Nikamwambia shemeji hapo pana mchezo. Kwa akili yangu, Fiji na New Zealand wangerudiana kutafuta bingwa, na Afrika Kusini wakae chini yao. Tukawekeana: nikishindwa nampelekea debe la machungwa ya Muheza, akishindwa yeye analeta tairi mbili za baiskeli. Si kamari, ni zawadi yenye masharti, msinitafutie ustadhi.

Nani anaelewa hesabu hizi?

MwanaLikoni

Kaka, tafuta debe mapema. Shemejiyo hakukudanganya.

Wakati ule kila shindano lilikuwa na timu 16, makundi manne ya timu nne nne. Siku ya kwanza ni makundi. Wawili wa juu kila kundi wanaingia robo fainali, wengine wanashuka kugombea vikombe vidogo siku ya pili. Na kila nafasi ina alama zake. Bingwa 22, aliyeshindwa fainali 19, wa tatu 17, wa nne 15. Ukitolewa robo fainali unapata kati ya 10 na 13. Ukishindwa kutoka kwenye kundi, hata ukishinda mechi zako zote zilizobaki, mwisho wako ni 8. Wa mkiani wanaondoka na 1.

Tazama hapo vizuri. Kati ya kubeba kombe na kushindwa fainali ni alama tatu tu. Lakini kati ya kushindwa fainali na kuboronga siku ya kwanza ni kumi na moja kwenda juu.

Hao Afrika Kusini unaowadharau walifika fainali nne. Walishindwa Wellington 24-21, Vancouver 19-14, na London ndiyo inauma, 27-26. Alama moja! Scotland hawakuwahi kubeba kombe la shindano lolote la msururu huu kabla ya siku ile. Kwenye boksi lako hizo fainali tatu ni sifuri, kwenye msimamo ni 57.

Mbondei_wa_Muheza

Mimi raga siijui ila machungwa nayajua. Fundi, debe gani mlilokubaliana? La kusawazisha au la kichwa? Kama hamkusema, shemeji atadai la kichwa, na atakuwa na haki.

GotiBovu

Nilicheza raga Dar miaka miwili mpaka goti likakataa, niongeze kidogo.

Watu wa mpira wa miguu hawaelewi kwa nini timu kama Kenya inaweza kuivua nguo Fiji leo na wiki nyingine ikafungwa na yeyote. Mechi ni dakika kumi na nne, saba na saba, kwenye uwanja uleule wa raga ya watu kumi na watano. Nafasi kubwa, watu wachache. Ukimkosa mtu mmoja kumkaba, hakuna wa pili nyuma yake, anakwenda kugusa chini, alama tano, na mkwaju wa nyongeza mbili.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wageni. Kwenye raga ya saba aliyefunga ndiye anayeanzisha mpira, anaupiga kwenda kwa aliyefungwa. Utadhani aliyefungwa amependelewa. Kumbe ukipiga juu, mpira ukaning'inia pale hewani muda wa kutosha, mrefu wenu anakimbia chini yake na kuunyaka. Mnafunga tena. Jamaa wanakaa dakika tatu hawajaushika mpira, na dakika tatu hapo si za kuchezea. Kadi ya njano ni dakika mbili nje. Ukiwa sita dhidi ya saba, dakika mbili ni ndefu kama Ramadhani ya mtoto.

Kenya ya kocha Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu, ilikuwa na watu wa kazi hiyo. Robo fainali ya Singapore walimfunga Ufaransa 28-7, nusu Argentina 15-12. Hiyo nusu ndiyo umwambie shemeji akuonyeshe, fainali ilikuwa raha tu. Na mwezi uliofuata, London, Collins Injera wa Kenya akaipita rekodi ya miguso, yaani kule kugusa chini, ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, aliyekuwa na 230.

Hilo wazo lako la kurudiana, baadaye walifanya linalofanana nalo. Msimu wa 2023/24 Argentina waliongoza msimamo wa ligi, kisha timu nane za juu zikapelekwa Madrid kumtafuta bingwa. Ufaransa wakamfunga Argentina fainali 19-5. Sasa niambie, fundi, ungekuwa Muargentina ungefurahi?

FundiGololi

Nimewasoma wote. Leo asubuhi wateja wachache, nikakaa na kijana wangu tukafanya hesabu kwa gololi za ekseli, tukizipanga kwenye vizibo vya rangi. Gololi 181 sikuwa nazo safi, za Fiji nikamalizia kwa kokwa za ukwaju.

Fiji makombe matatu ni 66. Wakashindwa fainali mbili, Singapore na Paris, 19 mara mbili, jumla 104. Zinabaki 77 kwa mashindano matano, yaani kwa wastani kila walipokosa fainali bado waliokota kama kumi na tano. Hizo ni alama za nusu fainali, wakuu.

New Zealand 66, na fainali moja waliyoshindwa na Fiji Hong Kong, 85. Zinabaki 73 kwa mashindano sita. Kumi na mbili kila moja. Kijana akasema, baba, hawa wakikosa wanakosa sana. Mimi nilikuwa nahesabu makombe, hizo siku za katikati sikuziandika hata moja kwenye boksi.

Kenya sikutaka kuihesabu, ila kijana akahesabu. Toa 22 za Singapore, 76 kwa mashindano tisa. Nane na ushee. Nane si ndiyo zile za aliyeshindwa kutoka kwenye kundi? Shemeji hilo hakulitaja usiku wote ule.

GotiBovu, la Argentina limenifunga mdomo. Nimefuta wazo la kurudiana.

Nimempigia shemeji. Hakucheka, alinyamaza kidogo akasema, "La kichwa." Mbondei, wewe ndiye uliyemfundisha au anasoma humu? Na anataka yale ya ganda jembamba, si ya kuchubuliwa kwa shoka.

Basi nina swali jingine. Jumamosi nani anakwenda mpakani Horohoro na gari lenye nafasi? Debe nimeshalipia Muheza, dada atalipokea upande wa Lungalunga.

Mbondei_wa_Muheza

Mimi simjui shemeji yako wallahi. Jumamosi natoka saa kumi na mbili asubuhi, pikapu. Lifunge kwa wavu, barabarani watoto wanajua kuchomoa.