Mjadala: Bwana afya aingie mpaka kwenye mabirika yetu?

Wa Mkomani (mtoa mada):
Assalaam aleikum wana Lamu. Naona kaunti imwongezee nguvu bwana afya. Apite nyumba kwa nyumba akague mabirika ya kuwekea maji ya kuogea, visima na mapipa. Mwenye viluwiluwi vya mbu apewe siku za kusafisha, akikaidi atozwe faini. Sheria ipo. Sura 242 ya sheria za Kenya, ya Afya ya Umma, inayahesabu maji yenye viluwiluwi kuwa kero ya kuondolewa.

Au tumeshaisahau chikungunya, ile homa ya mbu, ya 2004? Watu walitembea wameinama, magoti na vifundo vimekaza. Damu zilipopimwa baadaye, ilionekana kama robo tatu ya wakaazi walikuwa wameambukizwa. Hospitali ingefanya nini zaidi ya kutuliza maumivu, na virusi vyenyewe havina dawa? Chandarua nacho ni cha usiku, mbu huyu huuma mchana.

Wa Langoni:
Ndugu yangu, hadithi umeianzia katikati. 2004 ulikuwa ukame. Watu walijaza mapipa na mitungi kwa shida ya maji, na mbu yule hutaga papo hapo, kwenye maji yaliyotulia nyumbani. Leo mfereji ukikauka nisiweke akiba? Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na maji pia. Ikitoza faini, itatutoza kwa pipa ililotulazimisha yenyewe kulijaza. Walete maji kwanza.

Wa Shela:
Wazee walitia visamaki birikani vikala viluwiluwi, bila faini ya mtu. Sasa jaribu kufuga samaki kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko uliopasuka!

Wa Gadeni:
Ukaguzi siupingi, ila nani anakagua? Birika liko chooni, na ndani muna wanawake. Mwanamume nisiyemjua hapiti daka langu, ukumbi wa mlangoni. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wa mpango wa 2023, si wako? Watumwe kina mama wa mtaa huu huu, na posho yao isicheleweshwe.

Wa Mkomani:
Dada, la stara nimelikubali, waingie kina mama. Wa Langoni, maji ni haki yako, lakini kufunika pipa hakungoji mfereji. Faini ibaki, kwa mkaidi tu.

Wa Shela:
Haya. Na nyumba za wageni huku kwetu, zinazofungwa msimu mzima, matangi yamejaa na vidimbwi vya kuogelea vimegeuka kijani? Hao kina mama watampigia nani hodi?