Lubumbashi: nijiwekee malengo gani ili nipande kiwango kwenye pokeri ya mtandaoni?

Kijana_Katuba
Wandugu, salamu. Nacheza Texas Hold'em kwa simu, meza ya senti 1 na 2 (dau za lazima za kuanzia), na kila nikikaa naingia na dola 2. Akaunti ina dola 40 hivi, pesa ya vibarua vyangu, si ya chakula cha watoto. Sasa nataka kucheza kwa mpango. Nimejiwekea lengo la dola 200 kwa mwezi, halafu nihamie meza kubwa. Mke wangu kaniuliza hiyo 200 nimeitoa wapi, nikakosa jibu. Nyinyi wa zamani mnajipimaje?

Yaya_Kamalondo
Shemeji ameuliza swali zuri kuliko wewe. Tupige hesabu. Tuseme unacheza vizuri kweli, unapata senti 10 kwa kila mikono 100, yaani karata zikigawiwa mara 100. Dola 200 zinadai mikono 200,000. Meza moja ya watu sita inakupa mikono kama 75 kwa saa, basi unahitaji zaidi ya saa 2,600. Mwezi wa siku 30 una saa 720, hulali, huli hata bukari. Ukifungua meza nne, bado ni saa 660 na kitu.

Tena lengo la pesa linaharibu mchezo. Tarehe 25 unajiona uko nyuma, unaanza kufukuzia, unaingia na karata ambazo tarehe 2 ungezitupa bila kuwaza.

Fundi_Kampemba
Mdogo wangu, chagua kosa moja tu, ulishughulikie mwezi mzima. Mfano: una kopa nne, unatafuta ya tano, imebaki karata moja. Poti, yaani pesa iliyo mezani, ina senti 30, jamaa anaweka 15. Unalipa 15 ndani ya poti itakayofika 60, kwa hiyo lazima ushinde robo ya mara zote. Karata 46 hujaziona, kopa ni 9, haifiki hata asilimia 20. Hapo tupa, labda kama una hakika kopa ya tano ikishuka atakulipa zaidi. Lengo liwe hili: silipi kabla ya kupiga hiyo hesabu. Likishaingia kichwani, chukua kosa jingine.

Kijana_Katuba
Asante yaya, asante fundi. Ila nitajuaje niliamua vizuri kama nimeshika asi mbili, karata kubwa kuliko zote, na bado nikapigwa?

Yaya_Kamalondo
Asi mbili zikikutana na wafalme wawili, pesa yote ndani mapema, zinapigwa karibu mara moja kwa kila tano. Hilo si kosa lako. Mkono ukikusumbua, andika sababu ya kila hatua, kisha mpe mtu ausome bila kumwambia nani alishinda. Ukimwambia mapema, atakuhurumia badala ya kukukosoa.

Mama_Ruashi
Mimi nasema wazi: wengi wanapoteza, maana tovuti inakata chake karibu kwenye kila poti kubwa, nani ashinde haijali. Lengo la kwanza, baba, ni kwamba hizo 40 zikiisha, huongezi hata franka. La pili, meza ya senti 2 na 5 unaingia na dola 5. Usiiguse kabla akaunti haijafika 150, yaani viingilio 30. Ikishuka hadi 100, rudi chini bila aibu.

Mtoto_wa_Kenya
Na meza nne kwa mega za simu msijaribu! Mtandao ukikatika, muda wako wa kuamua unaisha na karata zako zinatupwa zenyewe, hata kama ni asi.

Kijana_Katuba
Mama, hiyo ya kutoongeza nimeichukua, shemeji yenu atafurahi. Nitabaki meza moja na hesabu ya kopa. Kuna mtu wa Katuba au jirani tukae Jumamosi tupitie mikono?

Fundi_Kampemba
Mimi nipo, mchana. Njoo na daftari, matokeo yafunike.